Aisingi ya Herminda na Mrija wa Zulema

Asubuhi ile ilikuwa kama asubuhi nyingine yoyote. Baridi ya Juni ilikuwa imegandisha umande juu ya majani, mbuzi walikuwa wanalia zizini, na Herminda alikuwa jikoni anachemsha sukari. Nicasio alirudi kutoka kukamua, ndoo mkononi, akataka kuingia apate moto.

"Simama hapo hapo," Herminda alisema bila kugeuka.

"Nina baridi, mwanamke."

"Na maziwa unayo. Ndoo iache nje, koti liache nje, mikono kanawe kwa sabuni. Ndipo uingie."

"Tangu lini mwenye nyumba akafukuzwa kwake kama mbwa?"

"Mbwa hana maziwa mikononi. Mbwa ningemruhusu."

Nicasio akanawa kwa maji yanayouma, akaingia, akakaa kwenye kigoda chake karibu na jiko. Herminda alimpa kibuyu cha yerba, yale majani yetu ya kunywa kama chai. Akanywa kwa mrija, akakirudisha. Herminda akajaza maji ya moto, akanywa na yeye. Hakuna aliyetafuna kitu. Kwao chakula kilikuja baadaye, kibuyu kikishawekwa.

Sukari ilikuwa inatokota. Herminda alichovya kijiko, akaacha tone lipoe kidogo, akalishika kwa vidole viwili, akavuta. Ukatoka uzi mwembamba, haukukatika. Akaepua sufuria, akakamulia ndimu, akaanza kupiga kwa mwiko. Ilianza angavu kama maji ya kisima. Ikaingia ukungu. Ikawa nyeupe. Hapo hapana mchezo, ukichelewa inakuwa jiwe ndani ya sufuria. Alizipaka biskuti moja moja kwa brashi, zikiwa bado na joto la oveni, akazipanga kwenye wavu.

"Za nani hizo?" Nicasio aliuliza, ingawa alijua.

"Za Yamila."

"Yamila kakatazwa kula mkono wako."

"Basi za kuku."

"Sikukuu ya Mtakatifu Petro ndiyo hii inakuja. Meza ya vitu vitamu wamempa mtu mwingine. Umesikia?"

"Nimesikia. Masikio ninayo."

"Na huendi kusema kitu?"

"Nilishasema. Nenda kaseme wewe, mdomo wako mkubwa kuliko wangu."

Nicasio hakucheka. Alivaa koti, akawatoa mbuzi, akapanda nao mlimani huku anasonya njia nzima. Jioni walikula, wakaongea kidogo, wakalala. Kesho yake Herminda hakuamka.

Watu waliokuja kumpa pole walimwona kakaza taya, wakadhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini ilikuwa nyuma, imesimama inangoja zamu yake. Mbele ilikuwa hasira. Herminda alikuwa amezikwa na matope ya watu juu ya jina lake. Kijiji kizima cha Los Quebrachitos kiliamini kwamba aisingi yake, ile sukari nyeupe ya kupaka biskuti, ilimdhuru mtoto. Kumzika, Nicasio angeweza. Kumzika na uongo ule, hapana.

Herminda Funes alizaliwa huko juu penye mawe, kwa wafuga mbuzi. Mama yake alikufa mapema, akalelewa na shangazi aliyeuza biskuti pale basi linaposimama. Ni zile biskuti zetu za alfahori, mbili zilizoshikanishwa kwa jamu, zikavishwa sukari nyeupe mwili mzima. Shangazi alitia siagi kwenye unga, na kwenye aisingi alitia kijiko cha maziwa ili ing'ae. Herminda alifuata hivyo hivyo miaka mingi. Harusi zilikuja kwake, ubatizo ulikuja kwake, na kila Mtakatifu Petro meza ya vitu vitamu ilikuwa yake. Hakuna aliyeuliza. Ni kama kuuliza kengele ya kanisa ni ya nani.

Yeye na Nicasio hawakujaliwa mtoto. Lakini nyumba ya pili kutoka kwao aliishi Zulema, dada yake Nicasio, na Zulema alikuwa analea mjukuu. Mama wa mtoto alikuwa akifanya kazi mjini Córdoba. Mtoto, Yamila, alikulia katikati ya nyumba hizo mbili, hujui analala wapi.

Alikuwa mtoto wa kuhurumia. Tumbo limevimba, miguu kama vijiti, nywele kavu. Zulema alimnywesha kila jani linaloota mlimani. Mwisho walimpeleka hospitali ya Villa Dolores, na daktari akasema: ngano asile, hata chembe, maisha yake yote. Na maziwa pia, tumbo lake linayakataa.

Zulema alirudi analia njia nzima. "Atakula nini sasa? Mawe?"

Herminda hakulia. Alirudi nyumbani kwake, akagawa unga wote wa ngano uliokuwemo. Akagawa chekecheo, akagawa kifimbo cha kusukumia unga, akagawa miiko. Ngano inajificha ndani ya mti, alisema, huwezi kuitoa kwa kuosha. Akanunua vipya. Biskuti akaanza kuzitengeneza kwa wanga wa mahindi, unga wa mchele na kidogo cha muhogo. Siagi ikatoka, mafuta ya nguruwe yakaingia. Na mume wake mwenyewe, mtu wa mbuzi, akawekewa sabuni mlangoni.

Kilichomtesa ni aisingi. Sukari ya unga ya dukani hakuiamini, maana hakujua wameichanganya na nini. Kwa hiyo ilibidi aanze na sukari ya kawaida na maji, bila maziwa ya kuing'arisha. Ya kwanza ilipasuka kama tope la bwawa lililokauka. Nyingine ilitoa jasho usiku kucha, asubuhi biskuti zilikuwa zinaogelea. Nyingine ikawa ngumu hata jirani yao, mzee Tránsito, akaigonga kwenye meza na kusema, "Herminda, nipe za kutosha, ukuta wangu wa zizi umebomoka."

Herminda alimtupia moja mgongoni. Ilimwachia alama.

Akaendelea. Akagundua kwamba ndimu iingie baada ya kuepua, si kabla. Akagundua kwamba uzi ukitoka tu, sufuria itoke, usingoje wa pili. Na biskuti ipakwe ingali na joto. Siku ilipokubali, alimwita Yamila, akamkalisha kwenye kigoda cha Nicasio, akampa moja. Mtoto aliitazama kwanza. Alikuwa amezoea kunyimwa.

"Bibi, hii naruhusiwa kweli?"

"Kula. Ukiumwa, nipige mimi."

Akala. Akalamba vidole. Hakuumwa.

Tangu siku hiyo Herminda hakutengeneza aina nyingine. Harusi, ubatizo, Mtakatifu Petro, zote zilikuwa za Yamila, na wengine wote walizila bila kujua tofauti, au walijua wakanyamaza kwa utamu. Hakutaka mtoto awe na sahani ya mgonjwa pembeni. Alitaka anyooshe mkono kwenye meza kama wenzake, achukue yoyote anayoitaka. Hiyo ndiyo kazi ya maisha yake, ukiniuliza. Hakufanya nyingine kubwa kuliko hiyo, na wala haikuwa ndogo.

Sasa ndiyo uje kwenye ule uchafu.

Mwezi wa tatu Yamila alitimiza miaka kumi na tano. Huko kwetu msichana akifika hapo hufanyiwa sherehe kama harusi. Gauni, muziki, ndugu kutoka mbali. Herminda alijenga mlima wa biskuti katikati ya meza, nyeupe tupu, watu wakawa wanaupigia makofi kama bibi harusi.

Sherehe ilikuwa kwa Zulema, na yeye alikuwa amekaa uani tangu mchana, anamimina yerba. Na hapa lazima mtu aelewe. Yerba inamiminwa na mmoja. Kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, unazunguka. Ukipewa unanywa mpaka mrija upige kelele, unarudisha, anajaziwa anayefuata. Mrija haufutwi. Kufuta mrija ni kumwambia aliyekupa kwamba kinywa chake kinanuka. Watu wamewahi kununiana hadi kaburini kwa sababu ya leso iliyopitishwa juu ya mrija. Na Zulema, mkono mmoja alishika birika, mkono wa pili alishika mkate wa mafuta, ile mikate ya ngano ya matabaka inayomwaga makombo ukiitazama tu. Anatafuna, ananyonya, anajaza, anampa Yamila. Anatafuna, ananyonya, anajaza, anampa mwingine. Mchana kutwa.

Kabla ya kucheza na babu zake, kama desturi ya sherehe hiyo, Yamila alijikunja. Alitapika juu ya gauni la waridi mbele ya watu wote. Wakambeba ndani.

Zulema alitoka, akasimama kizingitini, akainua sauti juu ya muziki.

"Zimeni hiyo! Mtoto wangu kalishwa ngano. Ni hiyo aisingi! Kachoka kupika vizuri, kaanza kupika ovyo!"

Alikuwa anamnyooshea kidole Herminda.

Herminda aliweka sahani chini taratibu. "Wifi, aisingi yangu ni sukari, maji na ndimu. Ngano iko kwenye mrija wako. Unakula mkate tangu mchana na mrija huo huo unampa mtoto."

Mtu mmoja akazima muziki.

"Unasema kinywa changu kichafu?" Zulema alisema. "Nyumbani kwangu? Mbele ya wageni wangu?"

"Sijasema kichafu. Nimesema kina makombo."

"Toka."

Mzee Tránsito alikuwa na biskuti mdomoni. Aliitoa, akaiweka mezani, nusu imeliwa. Nicasio alimwona. Angemshika shingo siku ile kama Herminda hangemvuta mkono.

Hakuna hata mmoja aliyesimama upande wake. Nicasio aliwaza jambo hilo miezi yote mitatu nyuma ya mbuzi, mpaka akaelewa. Kama mrija una hatia, wote wana hatia. Ua mzima ulikuwa umetafuna mikate na kunywa. Kila mmoja wao alikuwa amempitishia mtoto yule sumu kwa mkono wake, kwa mapenzi. Nani akubali hilo? Ni nafuu kumtupia mwanamke mmoja na sufuria yake. Waoga. Walimtupia, wakarudi kunywa.

Baada ya hapo hakuja mtu kuagiza. Harusi ya mtoto wa Tránsito ilipita bila yeye. Yamila, kila alipokuja likizo kutoka shule ya bweni, akakatazwa kukanyaga jikoni kwake. Herminda aliendelea kuchemsha sukari yake kila wiki kana kwamba wanakuja kesho, biskuti zikaliwa na wao wawili na kuku, na hakulalamika. Hilo nalo lilimkera Nicasio. Alitaka apige kelele. Herminda hakuwa mtu wa kelele.

Basi alipokufa, wakaja. Wote. Kwa kufiwa huko kwetu sala husaliwa siku tisa nyumbani kwa marehemu, kila alasiri, na baada ya sala watu hukaa kunywa yerba. Nicasio alikaa kwenye kigoda chake na kuwatazama wakijaa kwenye viti vya Herminda. Na aliyeshika birika, maana ndiye ndugu mkubwa, alikuwa Zulema.

Alikuwa amekuja na mfuko wa mikate ya mafuta kwa ajili ya waombolezaji.

Alasiri moja katikati ya sala hizo, Yamila alikuwa amekaa karibu na dirisha, kavaa nyeusi, uso umemshuka. Zulema alimega mkate, akautafuna, akanyonya mrija mpaka ukalia, akajaza maji, akanyoosha mkono.

"Chukua, mwanangu, upate joto."

Yamila alipokea. Alikitazama kibuyu. Nicasio aliyaona makombo kutoka pale alipokaa, mawili, yamenata kwenye mdomo wa mrija, meupe kama wale wadudu wa nguo. Mtoto alifumba macho akaupeleka mdomoni.

Nicasio hakumbuki kuinuka. Alijikuta kasimama mbele yake, kibuyu kiko mkononi mwake. Alifungua mlango, akamwaga vyote uani, yerba na maji na mrija, mbele ya kuku.

"Kaka! Umerukwa na akili?" Zulema alisema.

"Mkate umeweka wapi?"

"Mkate gani?"

"Ulio mdomoni mwako! Meza kwanza ndipo useme nami."

Mtu mmoja akasema, "Mzee Nicasio, ni uchungu tu, kaa chini."

"Nyamaza wewe! Nyote nyamazeni. Mmekaa kwenye viti vyake, mnamwombea, na mnamlisha mtoto ngano ndani ya nyumba yake. Ndani ya nyumba hii! Mimi mwenyewe nilikuwa nanawa mlangoni!"

Zulema alisimama. Alikuwa mweupe kama ukuta. "Hata kwenye msiba wa mke wako unanitukana na lile tusi lake. Alikufundisha vizuri."

Hapo Yamila akasema. Alisema chini chini, akitazama sakafu.

"Bibi, niliumwa tena Pasaka."

"Pasaka ulikula nini huko..."

"Nilikula kwako tu. Aisingi ya Bibi Herminda sijaionja tangu sherehe, ulinikataza. Niliumwa Pasaka, na mwezi wa tano nikaumwa tena, nilipokuja likizo. Shuleni siumwi. Shuleni nina mrija wangu."

"Na kwa nini hukusema?" Zulema aliuliza.

"Ungesema nakuambia kinywa chako kichafu."

Nicasio alimgeukia Yamila. "Na mimi? Na yeye? Ulikuwa unajua tangu mwezi wa tano, ukamwacha akae peke yake na sufuria yake?"

Yamila akaanza kulia. Nicasio aliona kwamba amemwonea, mtoto wa miaka kumi na tano, lakini hasira ikishatoka hairudishwi kama mbuzi. Hakumwomba radhi siku ile. Alimwomba baadaye.

Kwa Zulema alisema hivi: "Ulisimama ukasema mbele za watu. Utasimama useme mbele za watu. Mpaka hapo, hapa kwangu usikanyage."

Zulema akachukua mfuko wake wa mikate akaondoka.

Mtakatifu Petro akaangukia ndani ya siku za sala. Nicasio hakutaka kwenda. Alikwenda. Waliizungusha sanamu, kengele ikapigwa, halafu watu wakajaa uwanjani kwa ajili ya bahati nasibu ya mwana-mbuzi. Kwenye meza ya vitu vitamu kulikuwa na keki za dukani na biskuti zenye aisingi ya buluu. Yamila alipita mbele ya meza ile mikono mfukoni. Nicasio alimwona akipita, damu ikamchemka upya.

Ndipo Zulema akapanda jukwaani. Alimnyang'anya kipaza sauti kijana wa bahati nasibu, bila salamu.

"Mimi ni Zulema Ludueña, mnanijua. Mwezi wa tatu nilisema aisingi ya wifi yangu Herminda ilimdhuru mjukuu wangu. Haikuwa aisingi. Ulikuwa mrija wangu na mkate wangu. Alinionyesha nikamfukuza. Na ninyi mlikuwepo, mlikuwa mnatafuna kama mimi. Nimesema."

Akamrudishia kijana kipaza sauti. Uwanja mzima watu walikuwa wameshika vibuyu vyao na hawajui wavipeleke wapi. Mzee Tránsito aliutazama mrija wake, akatoa leso, akaufuta, polepole, mbele ya mkewe aliyempa. Mkewe akamkata jicho.

"Hata wewe?"

"Hata mimi," Tránsito alisema. "Nilimtemea Herminda biskuti yake. Acha nifute."

Zulema alivuka uwanja akaja mpaka aliposimama Nicasio. Kidevu chake kilikuwa juu, kama kawaida yao akina Ludueña.

"Umeridhika?"

"Hapana."

"Unataka nini tena? Nilambe ardhi?"

"Ungesema akiwa hai. Unamsafisha mtu aliyeko chini ya mawe. Angekuwa hapa angeisikia. Meza ile ingekuwa yake."

Walisimama hivyo, ndugu wa tumbo moja, wazee wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake. Kijana wa bahati nasibu alikuwa anaita namba na hakuna anayemsikiliza.

Halafu Zulema akauliza, kwa sauti nyingine, ndogo. "Alikufa na kinyongo na mimi? Nambie kweli. Alisema kitu?"

Nicasio angeweza kumdanganya kwa upande wowote. Angeweza kumpa neno tamu alale nalo, au la kumchoma mpaka afe. Alikuwa na hamu ya la pili. Lakini Herminda hakuwa mtu wa kutiwa maneno mdomoni, hata na mumewe. Usiku ule wa mwisho, kitandani, Nicasio alimuuliza angefanya nini Zulema akija kuomba radhi. Herminda alivuta blanketi mpaka kidevuni, akafikiri kidogo, akajibu. Nicasio alimpa dada yake maneno yale kama yalivyotoka, hakuongeza, hakupunguza:

"Kusamehe nimeshamsamehe, Nicasio. Ila kunywa kwake, sinywi."